Membe Wakianza Kufa: Maneno kwa Wavuvi na Wafugaji wa Msangamkuu

Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, viongozi wa BMU, yaani vikundi vyetu vya kusimamia uvuvi pwani, manahodha, mama zangu mnaoshuka pwani kuchokoa pweza, walimu, vijana: asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nawashukuru kwa kuacha kazi ili tukae pamoja. Bahari leo ni shwari, na ninajua mvuvi akikaa nchi kavu siku ya shwari kuna sufuria nyumbani inasubiri.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimekuja kuzungumza juu ya ndege wa baharini, na nitaanza na manahodha kwa sababu wao hawahitaji kufundishwa kazi ya ndege hao. Ukishatoka nje ya mwamba, macho yako yanatafuta nini? Yanatafuta membe. Ukiwaona wamekusanyika mahali pamoja, wanapiga kelele na kupiga mbizi, unajua pale kuna dagaa, na chini ya dagaa yupo jodari anayewasukuma juu. Unageuza tanga au unaongeza mashine, unakwenda. Wazee wetu walikwenda hivyo kabla ya mashine, na vijana wenye simu za kisasa mifukoni wanakwenda hivyo hadi leo.

Katika pwani nyingine za dunia, kuanzia mwaka 2021, wavuvi wametoka asubuhi wakawakuta ndege wa namna hiyohiyo wanaelea juu ya maji, wamekufa kwa mamia. Wengine wamelala mchangani shingo zimepinda, wanatetemeka, wanajaribu kuruka wanaanguka. Huu ni ugonjwa, unaitwa mafua makali ya ndege, na kirusi kinachofanya kazi hiyo sasa kinaitwa H5N1. Sikuja kuwaambia kwamba umefika Mtwara. Nimekuja kwa sababu ukifika, mtu wa kwanza kuuona hatakuwa daktari aliye Dar es Salaam wala mtaalamu aliye Geneva. Atakuwa mmoja wenu mliokaa hapa.

Watu wengi wanadhani haya ni mambo ya Ulaya na ya Wachina. Mwaka 1961, kwenye pwani ya Cape, Afrika Kusini, membe walikufa wapatao 1,300. Wataalamu walipochunguza mizoga walikuta kirusi cha mafua cha jamii ya H5, na hiyo ndiyo mara ya kwanza duniani kuthibitishwa kwamba mafua makali yameua ndege wa porini kwa wingi. Ilitokea Afrika, baharini, kwa membe. Na membe wale ni wa aina moja na baadhi ya hawa wanaopita mbele yenu: wanazaliana kaskazini ya mbali, baridi ikianza wanashuka kwetu.

Baada ya hapo ikapita miaka mingi ya ukimya kwa ndege wa porini. Kisha mwaka 1996, katika jimbo la Guangdong nchini China, bata bukini wa kufugwa wakaugua. Kizazi cha kirusi kinachoua ndege leo kinafuatiliwa hadi kwa bata bukini hao. Naomba mlishike jambo hili, kwa sababu nitalirudia: kilianza bandani. Bata wa porini wana mafua hafifu matumboni tangu zamani, wanayabeba bila kuumwa sana. Mafua hayo yakiingia kwenye mabanda ya maelfu ya ndege waliobanana, baadhi yake, hasa ya jamii za H5 na H7, hubadilika yakawa ya kuua. Mwaka 1997 kirusi kile kikaingia kwa watu Hong Kong. Waliugua 18, wakafariki 6. Mwaka 2005 kikaua maelfu ya ndege wa porini kwenye ziwa Qinghai, China. Toka hapo kimekuwa kinatoka bandani kwenda porini, kinarudi bandani, kinatoka tena.

Uganda mnaijua, jirani yetu. Januari 2017, katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, membe wenye mabawa meupe waliokuja kutoka kaskazini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria. Ilikuwa H5N8, ndugu wa H5N1. Haikupita muda, bata na kuku wa kufugwa huko Masaka nao wakakutwa na ugonjwa. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda. Hebu fikirini mama wa Uganda anayeishi kwa kuuza mayai, hajawahi kumwona membe mgonjwa, lakini soko lake limefungwa kwa sababu ya mzoga uliokutwa ziwani.

Senegal, Januari 2021, mwari wapatao 750 walikufa katika hifadhi ya Djoudj. Mwaka 2023 ikawa zamu ya membe wa pwani ya Senegal na Gambia. Kusini kwetu, mwishoni mwa 2021, mnandi wa Cape walikufa zaidi ya 20,000, wengi wao katika kisiwa cha Dyer na maeneo ya jirani. Walinzi wa kisiwa kile walikuwa wanapita kila siku kwenye makoloni ya ndege, wamevaa mavazi ya kujikinga, wanaokota mizoga na wagonjwa ili ugonjwa usizidi kuenea. Mnandi hao tayari walikuwa wamepungua kwa kukosa samaki. Na ngwini wa Afrika, ambao leo wamebaki wachache mno, nao wameguswa na mafua haya.

Nje ya Afrika ndiko ilikokuwa balaa kubwa zaidi. Uskoti kuna kisiwa cha mwamba kinaitwa Bass Rock, makazi makubwa kuliko yote ya ndege weupe waitwao ganeti. Baada ya ugonjwa wa 2022 walipohesabu, zaidi ya robo ya makazi ya ndege hao yalikuwa matupu. Baadhi ya waliopona, macho yao ambayo kwa kawaida huwa ya buluu hafifu yamegeuka meusi. Peru na Chile, kuanzia mwisho wa 2022, walikufa mamia ya maelfu ya ndege wa baharini, na baada yao wakafa maelfu ya simba-bahari. Argentina, mwaka 2023, watoto wa sili-tembo wapatao 17,000 walikufa katika msimu mmoja wa kuzaa, karibu wote waliozaliwa kwenye rasi ya Valdés. Mama zao wamelala palepale ufukweni.

Kwa nini ndege wa baharini wanaumia hivi kuliko kuku? Kuku wako wakifa, ukibakiwa na mitetea watatu, mwakani banda limejaa tena. Ndege wa baharini haendi hivyo. Ganeti anangoja kama miaka mitano kabla ya kuzaa, halafu anataga yai moja kwa mwaka. Hesabu yake inategemea aishi miaka mingi. Ukiua wakubwa umeondoa miaka yote hiyo kwa wiki mbili, na wewe mwenyewe hutawaona wakirudi katika idadi yao. Tena wanazaliana wamebanana, kiota na kiota, kwenye visiwa vichache. Sisi Watanzania tunacho kisiwa cha namna hiyo: Latham, ambacho wavuvi wanakijua kama Fungu Kizimkazi, kule nje upande wa kusini mashariki ya Unguja. Ni fungu dogo lisilo na mti, na ndege wa baharini wanaotaga pale hawana pengine pa maana pa kutaga kwenye pwani yetu yote. Ugonjwa ukikipata kisiwa kile wakati wa mayai, sijui nitasema nini kwa wajukuu.

Kwetu hapa hatuna koloni la namna ile, tuna kitu kingine. Maji yakipwa, kuanzia ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Ruvuma, zinabaki pwani tupu kubwa za mchanga na matope, na mikoko pembeni. Ndiyo moja ya sababu eneo lile likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000. Kaskazi inapokaribia wanakuja sululu, vitwitwi wanaozaliana Siberia, shakwe wa Urusi ya kaskazini, membe wa Ghuba ya Uajemi, na yule ndege wa rangi nyeusi na nyeupe mwenye mdomo mnene anayekula kaa, ambaye huzaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Arabuni na Somalia. Wanakuja na kaskazi, kama walivyokuja majahazi. Kwa hiyo njia ya kaskazini ipo wazi kila mwaka. Na sasa hata kusini kwa Bahari ya Hindi ugonjwa umefika: mwaka 2024 ulithibitishwa kwenye visiwa vya Crozet na Kerguelen.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Mtu akisikia haya anaweza kusema, basi tuwafukuze, tukate mikoko, tuwapige manati wasikae. Hapana. Nimewaambia ugonjwa ulianza bandani. Ndege hawa wameupata kutoka kwa mifugo ya binadamu, na wao ndio wanaokufa. Tena ukiwatawanya, yule aliye mgonjwa anakwenda kufia mahali pengine, kwenye kijiji cha mwenzako. Mashirika yanayoshughulika na mambo haya, lile la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na lile la afya ya wanyama duniani, WOAH, yote yanasema hivyo: kuwaua ndege wa porini hakuzuii mafua.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko membe wenyewe. Nalo ni kideri.

Ukiuliza kijiji chochote cha Mtwara na Lindi, kuku wamekufa na nini, jibu lipo tayari: kideri. Kuku ameharisha kijani, kideri. Shingo imepinda, kideri. Wamelala jioni wazima, asubuhi kumi wamekufa, kideri. Na mara nyingi ni kweli, maana kideri kinatumaliza. Lakini mafua makali nayo yanakuja hivyohivyo. Shingo inapinda, wanaharisha, wanakufa ghafla na kwa wingi. Wakati mwingine utaona kichwa kimevimba, upanga na ndevu vimegeuka rangi ya zambarau, miguu ina madoa ya damu, lakini kuna wanaokufa hata dalili hizo hazijajitokeza. Kwa macho mimi mwenyewe, daktari wa mifugo, siwezi kukuhakikishia ni kipi. Maabara ndiyo inayosema. Kwa hiyo mafua makali yakiingia katika kijiji kilichozoea kideri, yatafanya kazi yake yote mchana kweupe, na sisi tutasema ni mambo ya kila mwaka. Tutachinja waliobaki kabla hawajafa, tutauza wengine mnadani, wengine tutawapeleka kwenye sherehe. Wakati wa likizo, unyago na jando zikipamba moto, kuku wa vijiji kumi wanakutana kwenye uwanja mmoja. Wengine wanavuka Ruvuma pale Kilambo, kwenda na kurudi. Na jirani zetu wa Msumbiji walishaonja: Oktoba 2023, mkoani Inhambane, kuku wa mayai wapatao 45,000 walipotea kwa mafua makali ya jamii ya H7.

Ndiyo maana ninasema kinga ya kwanza ya mafua ya ndege Mtwara ni chanjo ya kideri. Najua inasikika kinyume, kwa sababu chanjo ile haizuii mafua hata kidogo. Ila angalieni. Kuku wako wote wamepata tone la jicho, umerudia kila ilipotakiwa, halafu asubuhi moja unakuta wamekufa nusu banda. Siku hiyo huwezi tena kusema kideri. Siku hiyo unajua kuna mgeni, na utapiga simu. Chanjo inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, na wakala wa maabara za mifugo, TVLA. Bei yake kwa kuku mmoja haifiki bei ya yai. Kijiji kinachochanja chote kwa siku moja kimejipatia macho ya kuona ugonjwa mwingine ukija.

Upande wa bahari mambo ni haya. Shakwe mmoja aliyekufa ufukweni ni kitu cha kawaida, ndege nao wanazeeka. Lakini ukikuta watano, kumi, wa aina moja au mbalimbali, katika eneo moja kwa siku hiyo au siku mbili, au ukimkuta aliye hai anazunguka kichwa kama mlevi, anashindwa kusimama, haogopi mtu, simama hapohapo. Usimshike. Usimchukue kwa kitoweo, hata kama ana joto bado. Nisikilizeni vijana: msimtumie kwa chambo, na msimtupie mbwa, paka wala bata. Paka wanakufa na ugonjwa huu. Poland mwaka 2023 wamekufa paka wa nyumbani. Watoto tuwaambie waziwazi, maana ndege wa baharini anayekubali kushikwa ni kishawishi kikubwa kwa mtoto.

Kama una simu, piga picha ukiwa mbali kidogo, hesabu, angalia ni mahali gani na saa ngapi. Halafu toa taarifa siku hiyohiyo, kwa afisa mifugo wa kata, au mtendaji, au katibu wa BMU, au kwa watu wa hifadhi ya bahari kama uko upande wao. Nasisitiza siku hiyohiyo kwa sababu jua letu linaozesha mzoga upesi, na mzoga uliooza hauna msaada sana maabara. Afisa atachukua sampuli kwa pamba kooni na kwenye njia ya haja, ataziweka kwenye ubaridi, zitakwenda maabara. TVLA wana kituo Mtwara hapa, na maabara kuu iko Temeke. Kuna watu wema watakaotaka kusaidia kwa kumweka ndege kwenye sanduku la barafu la samaki. Tafadhali msifanye hivyo. Sanduku la chakula libaki la chakula.

Na binadamu je? Tangu 2003, watu zaidi ya 900 wamethibitishwa kuugua H5N1 duniani, na karibu nusu yao wamefariki. Wengi walikuwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa kuku wagonjwa. Haiambukizi kirahisi kutoka mtu kwa mtu, na tuombe ibaki hivyo. Anayenyonyoa kuku hapa kwetu ni nani? Ni mama, na binti anayemsaidia. Kwa hiyo ninapokataza kuchinja kuku anayeumwa, ninawalinda hao kwanza. Kuku mzima na yai zima, vikipikwa vikaiva hadi ndani, havina tatizo. Samaki hawana ugonjwa huu. Nalisema kwa sauti kwa sababu nakumbuka mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, mabucha yalivyokosa wateja hata pasipo na mgonjwa. Uvumi usije ukafunga soko la samaki kwa ugonjwa ambao samaki hana.

Kuna neno linabaki, na hili ni la viongozi wa halmashauri waliopo. Waheshimiwa, wananchi hawa wanaogopa. Wanajua kwamba ugonjwa ukithibitishwa, kuku wa eneo zima wanaweza kuuawa. Kuku wa mama wa Msangamkuu ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali ya Ligula mtoto akiugua usiku. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa, na ni sheria nzuri. Lakini mtu hatatoa taarifa ya kujimaliza mwenyewe. Semeni mapema, kabla ya ugonjwa, fidia itakuwaje, italipwa na nani na kwa muda gani. Mkisubiri hadi siku ya msiba, kuku watafichwa chini ya vitanda na wengine watapanda basi usiku. Mficha maradhi kilio humuumbua, ni kweli, ila tusimfanye mtu aone kuficha ndiyo nafuu yake. Nitaendelea kulisema hili kila nitakapopewa nafasi, hata likichosha masikio ya wakubwa.

Mwisho nina ombi moja la kazi. Mama zangu wa pweza, nyinyi mnashuka bamvua zote mbili za kila mwezi, mnatembea pwani yote hadi maji yanaporudi. Hakuna mtaalamu anayetembea hivyo. Manahodha mnapita nje, mnaona yanayoelea. Napendekeza tugawane: kila kikundi kiwe na kipande chake cha pwani, na kila bamvua mtu mmoja aseme amekuta nini, hata kama ni hakuna. Hakuna nayo iandikwe, maana ndiyo itakayotujulisha siku ambayo hali imebadilika. Wenzetu wa Naumbu, Mgao na Msimbati nitawaomba hivyohivyo, na wale wa Sudi na Mchinga upande wa Lindi nikijaliwa. Daftari nimekuja nalo, litabaki kwa katibu wa BMU, na afisa mifugo wa kata ameshakubali kulipitia kila mwezi. Tarehe za chanjo ya kideri ziko ukurasa wa kwanza.

Tuanze na upande wa nje, unaotazama bahari kuu. Bamvua ijayo nani anashuka huko?